Mrejesho: barua za wapangaji waliohama

Niliuliza namna ya kuzuia barua za wapangaji wa zamani zisizokoma kuletwa. Nashukuru kwa majibu. Haya ndiyo yaliyofanya kazi.

Usifungue bahasha. Andika mbele kwa kalamu nzito: "Amehama, rudisha kwa mtumaji". Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuacha msimbopau (ile mistari midogo inayosomwa na mashine) ulio chini ya anwani. Mashine ya kuchambua barua husoma mistari ile, si maneno niliyoandika, kwa hiyo bahasha ilirudi mlangoni ileile. Ufute wote kwa kalamu, lakini jina na anwani ya mtumaji viache visomeke.

Pili, bandika ndani ya kisanduku karatasi yenye majina ya wanaoishi humo sasa. Msambazaji akibadilika, wa zamu mpya ataiona. (Majina ya ukoo yanatosha.)

Fomu ya kuhamisha anwani usimjazie mtu mwingine. Hiyo ni kazi yake mwenyewe. Matangazo yasiyo na jina hayarudishwi, tupa tu.

Barua za madeni zilikuwa sugu zaidi. Hizo mwandikie mtumaji moja kwa moja, utaje tarehe uliyohamia, bila kutoa namba ya kitambulisho chako.