Printa ya ofisi inarudi mwaka 2000 kila umeme ukikatika, na tangu juzi kompyuta zote zinaiona "Offline"

Mpasuambao

Wakuu habari za jioni. Niko Mafinga, ofisi ya mbao. Kazi yangu ni uhasibu, ila kwa kuwa mwaka juzi niliwahi kubadilisha nywila ya Wi-Fi mbele za watu, tangu siku hiyo kila chenye waya humu ndani ni changu.

Tuna printa kubwa ya leza, ile inayochapa, inatoa kopi na kuskani. Imechomekwa kwa kebo kwenye ruta ya laini ya simu. Kompyuta ziko saba, zote Windows. Shida ni mbili.

Ya kwanza ni saa. Umeme ukikatika na kurudi, printa inawaka ikiwa tarehe 1 Januari 2000. Huwa naiweka kwa mkono. Wiki iliyopita nilikuwa likizo, kijana wa stoo akaiweka yeye. Sasa sisi kila lori likitoka tunaskani hati ya kupakia, na faili linajipa jina kwa tarehe na saa ya printa. Ijumaa bosi kanipigia kutoka Dar: "Nani kapakia mbao saa nane usiku?" Faili limeandikwa 0240. Mlinzi wa zamu kaitwa, kaandikishwa maelezo, karatasi mbili mbele na nyuma. Mzee wa watu anaapa geti halikufunguliwa. Jioni nilikaa naye pale kwenye jiko lake la mkaa, baridi mnaijua wenyewe, hana raha kabisa, nami sina cha kumwambia.

Ya pili nimejitakia. Nilikuwa napekua mipangilio ya printa kwenye kivinjari nikakuta sehemu ya SNMP (njia ya vifaa kuulizana hali kwenye mtandao), pameandikwa neno public. Niliwahi kusoma mahali kwamba kuliacha hivyo ni sawa na kulala umeacha ufunguo mlangoni. Nikaweka neno langu, nikahifadhi, nikaenda nyumbani najiona mtaalamu. Asubuhi yake kompyuta zote zinasema printa iko "Offline", kazi zimerundikana kwenye foleni. Ajabu, nikiandika anwani ya printa kwenye kivinjari inafunguka, na kopi inatoa vizuri tu. Halafu yule anayetuletea tona kutoka Iringa, ana kaprogramu kwenye kompyuta yetu moja kanakomsomea idadi ya kurasa, naye kapiga simu kwamba haoni kitu.

Fundi wa hapa kaja, kaitazama kwa dakika tano, kasema kadi ya mtandao imeungua, anataka laki tatu na nusu. Naomba ushauri kabla hela haijatoka.

Ruta_Imekufa

Mkuu hiyo printa imekumbuka ujana wake. Iacheni.

Mnyalukolo

Pole ndugu yangu wa Mafinga. Weka UPS tu, umeme ukikatika printa haizimi, saa haipotei. Mbona rahisi.

Fundi_Kabwe

@Mnyalukolo hapo unampoteza mwenzio. Printa ya leza ina hita ndani, ile inayoyeyushia tona kwenye karatasi. Ikianza kupasha moto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo mmoja. UPS ndogo ya kompyuta italia kidogo kisha ijizime, na betri yake haitamaliza mwaka. UPS weka kwenye ruta, yenyewe inakula umeme kiduchu.

Mpasuambao, usitoe hata mia. Kadi iliyoungua haifungui ukurasa kwenye kivinjari. Huyo fundi mpe chai aende.

Tuanze na saa. Saa ya printa ikikosea, hesabu kwanza imekosea kwa kiasi gani, maana kosa lenyewe linakutajia mkosaji. Ikiwa nyuma kwa saa 3 kamili, mtandao umeipa saa sahihi ila haijui iko nchi gani, inasoma saa ya Greenwich na sisi tuko mbele yake saa 3. Ikirudi 2000, au nyingine 1970, haijapata saa kutoka popote, imeanza kuhesabu upya kama mtoto. Ikiwa nyuma kwa saa 6 kamili, huo siyo mtandao mkuu. Huyo ni Mswahili.

Kijana wenu kaona ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kaandika 02:40. Kwake yuko sahihi kabisa. Kwa printa, na kwa bosi aliyezoea saa za kompyuta, 02:40 ni saa nane usiku. Mwachieni mzee wa geti.

Sasa nenda kwenye ukurasa wa mtandao wa hiyo printa, utuandikie hapa kila kilichopo: IP, Subnet, Gateway, DNS, na sehemu ya NTP (ile ya kuchukua saa mtandaoni) yote.

Mpasuambao

Fundi_Kabwe nimecheka mpaka watu wa ofisi wamegeuka. Nimechungulia faili zote za siku ile, ni hivyo hivyo, lori lililotoka saa tisa alasiri limeandikwa 0905. Hakuna aliyeshtuka kwa sababu linafanana na saa tatu asubuhi.

Haya:
IP 192.168.1.50 (niliiandika kwa mkono ili isiwe inabadilika)
Subnet 255.255.255.0
Gateway 0.0.0.0
DNS hakuna kitu
NTP imewashwa, seva ni pool.ntp.org, kuuliza kila baada ya saa 24
Ukanda wa saa: GMT

Fundi_Kabwe

Umeshapata ugonjwa. Gateway 0.0.0.0 maana yake printa haijui mlango wa kutokea nje. Ulipoweka IP kwa mkono ukajaza mistari miwili ukaridhika, kwa sababu kuchapa kulifanya kazi. Kuchapa ni mambo ya ndani ya nyumba, kompyuta na printa wako chumba kimoja, hawahitaji mlango. Ila kuuliza saa kwenye intaneti lazima utoke, na bila DNS hata hilo jina pool.ntp.org halielewi ni nani.

Weka Gateway anwani ya ruta yako, kwa mpangilio huo pengine ni 192.168.1.1 lakini hakikisha, usibahatishe. DNS weka hiyo hiyo ya ruta, au 8.8.8.8. NTP inapita mlango wa UDP namba 123, kama kuna mtu aliwahi kubana milango kwenye ruta iangalie hiyo.

Ukanda wa saa usitafute Dar es Salaam, orodha nyingi za printa hazina. Chagua GMT+3 yenye jina Nairobi. Kuna nyingine za +3 za miji ya Ulaya, hizo ziache, baadhi zamani zilikuwa zinasogeza saa majira ya joto. Na kama kuna kisanduku cha kusogeza saa kwa majira, toa tiki. Sisi saa yetu haisogei mwaka mzima.

MamaViazi

Nitaingilia kwenye SNMP, hili limewahi kunikalisha ofisini Makambako mpaka saa mbili usiku.

Kaka Mpasuambao, printa yako iko hewani muda wote. Anayesema "Offline" ni Windows. Unapoiongeza printa kwa IP, Windows hujiwekea utaratibu wa kuiuliza hali yake kwa SNMP, UDP 161, na kila inapouliza inataja neno la siri. Neno lililomo tangu mwanzo ni public. Wewe umebadilisha neno upande wa printa, kompyuta saba bado zinabisha hodi kwa neno la zamani. Printa ikisikia neno silo hainyanyui hata mdomo. Windows nayo ikikosa jibu inahitimisha kwamba printa imezimwa, inashikilia kazi zako.

Kwenye kila kompyuta: fungua "Printer properties" (siyo "Preferences", watu wengi hupotelea hapo), nenda "Ports", chagua ule mstari wenye tiki, bonyeza "Configure Port". Chini utaona "SNMP Status Enabled". Una njia mbili. Utoe tiki, au uiache na uandike neno lako jipya pale kwenye "Community Name". Mimi natoa tiki, naona amani. Ukiacha, siku ukibadilisha neno tena unazunguka kompyuta saba tena.

Huyo wa tona mpe neno jipya aliandike kwenye programu yake. Lakini mpe la kusoma tu. Kwenye ukurasa wa printa huwa kuna maneno mawili, moja la kusoma na moja la kuandika. La kuandika ndilo la hatari, mwenye nalo anaweza kukubadilishia mipangilio. Kama kuna namna ya kulizima, lizime.

Kijana_wa_Tukuyu

Nyongeza: aweke SNMP toleo la 3, lina usimbaji. Hayo ya 1 na 2 neno lake linapita kwenye waya likiwa wazi, yeyote mwenye programu ya kunusa mtandao analisoma. Ila lazima saa ya printa iwe sahihi kwanza, v3 inakataa ikipishana zaidi ya sekunde 150.

Fundi_Kabwe

@Kijana_wa_Tukuyu usimbaji ni kweli, na sekunde 150 ni kweli, ila siyo saa ya ukutani. v3 inahesabu printa imewaka mara ngapi na ni sekunde ngapi tangu iwake, basi. Printa inaweza kuwa mwaka 2000 na v3 ikafanya kazi. Saa ya ukutani inasumbua kwenye vyeti vya usalama, kwa mfano akitaka kutuma skani kwa barua pepe. Hapo tarehe ikiwa ya 2000 printa inaona cheti cha seva bado hakijaanza kutumika, inagoma.

Kijana_wa_Tukuyu

Sawa mkuu, nimeelewa. Nilichanganya.

Mpasuambao

MREJESHO.

Offline imeisha. Nimetoa tiki kwenye kompyuta zote saba, dakika ishirini, na kazi zilizokwama tangu juzi zikaanza kutoka zenyewe zote kwa pamoja, karatasi sitini na kitu, ankara ile ile mara nne maana watu walikuwa wanabonyeza tu.

Saa imekubali nusu. Nimeweka Gateway, DNS, Nairobi, nikabonyeza kitufe cha kulinganisha saa sasa hivi, ikakaa sawa palepale. Nikafurahi. Leo alfajiri umeme ukakatika, ukarudi, nafika ofisini nakuta tena 2000. Nikibonyeza kitufe inakubali. Kwa nini haijichukulii yenyewe?

Na jingine: huyo wa tona sasa anaona, lakini kanitumia picha, kwenye chombo cha tona chafu anasoma -3. Wino unawezaje kuwa chini ya sifuri?

MamaViazi

-3 siyo kipimo kaka. Ni lugha ya printa. Ikiwa haina uwezo wa kupima kiasi kamili, inajibu kwa namba hasi: -2 maana yake "sijui", -3 maana yake "bado nafasi ipo". Programu nzuri hubadilisha iandike maneno, hiyo yake imeacha namba kavu. Mwambie asikuletee bili ya chombo kipya kwa ajili ya -3.

Fundi_Kabwe

Hilo la saa ni mbio za kuwaka. Umeme ukirudi printa na ruta zinaanza pamoja. Ruta inatafuta mnara, inajiunga, inachukua dakika mbili tatu. Printa imeshamaliza kuwaka, imeuliza saa mara moja, imekosa, na wewe umeiambia iulize tena baada ya saa 24. Itakaa mwaka 2000 mpaka kesho. Punguza hiyo 24 iwe 1. Na ile UPS ya Mnyalukolo ndiyo mahali pake hapo, kwenye ruta.

Mnyalukolo

Kumbe nilikuwa sahihi, nilikosea kifaa tu 😂

Mpasuambao

Nimeweka saa 1. Kisha nikafanya jaribio, nikazima swichi kuu ya ofisi saa ya chakula bila kumwambia mtu (samahani kwa dada wa mapokezi, alikuwa anachemsha maji). Nikaiwasha. Printa ikaja na 2000, nikaenda kula ugali, narudi imeshajirekebisha, tarehe ya leo na 14:07. UPS ya ruta nitaichukua Iringa Jumamosi.

Kijana wa stoo nimemwandikia kikaratasi, nimekibandika juu ya kioo cha printa: saa mbili asubuhi = 08, saa nane mchana = 14. Bosi nimemtumia faili za siku ile pamoja na maelezo ya ile tofauti ya saa sita, kajibu "sawa" bila nukta.

Mzee wa geti nimempelekea habari mwenyewe. Kaomba zile karatasi zake mbili arudishiwe.