Witu 1890 na Mpeketoni 2014: nia tunaipima kwa ratili gani?

Mkomani: Jana barazani hapa Amu (mji wa Lamu) mtu alisema Wajerumani waliouawa Septemba 1890 huko Witu, usultani wa zamani wa bara ya Lamu, waliuawa na watu waliokuwa wakilinda nchi yao. Papo hapo akasema waliovamia mji wa Mpeketoni, huku huku Lamu, Juni 2014 hawana nia yoyote ya kujadiliwa, ni wauaji basi. Naomba wanaojua wanieleze. Nia ya aliyeua inapimwa vipi? Au tunamtafutia udhuru yule tuliye jamaa naye?

Langoni: Anza na tarehe. Ahmed Simba, sultani wa Witu, aliingia chini ya ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu ili ipate kisiwa cha Heligoland, na Fumo Bakari, sultani aliyemfuata, hakuulizwa. Wiki chache baadaye akaja Mjerumani Küntzel na wenzake kukata mbao. Sultani akakataa, wakagombana. Tarehe 15 Septemba Küntzel akataka kutoka langoni kwa nguvu, akampiga bawabu risasi, na wao wakauawa pale pale. Mtu aliyeuzwa na mlinzi wake, kisha bawabu wake anapigwa risasi mlangoni! Mlitaka afanye nini?

Shela75: Shekhe, umeishia langoni, na hapo ndipo penye kosa. Wako Wajerumani wengine waliouawa nje ya Witu, upande wa kijiji cha Mkonumbi, ambao hawakumpiga mtu risasi wala hawakuwapo kwenye ugomvi. Yatenganishe mauaji hayo mawili. La langoni lina sababu iliyotangulia kwa dakika. La Mkonumbi linahitaji mtu apeleke habari, mwingine aamue, wengine waende. Hasira haitembei masafa yote hayo bila ya mtu kuituma. Kwa hiyo usiulize "nia ya Witu", uliza nia ya nani, saa ngapi, na nani aliachwa hai. Fremantle, admirali wa Kiingereza aliyekuja kulipiza, naye mpime vivyo hivyo: alikuja Oktoba na watu kama 900, zikachomwa Mkonumbi na Baltia, na tarehe 27 Witu ikatekwa, ikatiwa moto na kulipuliwa kwa baruti. Bibi wa Mkonumbi aliyechomewa nyumba alimuua nani?

Kisauni wa Malindi: Mnaipamba mno Witu. Ulikuwa mji wa watoro waliokuwa wakiishi kwa kunyang'anya. Hapo hapana siasa.

Langoni: Rudia neno hilo, ndugu yangu. Watoro! Walitoroka nini? Walitoroka mashamba ya mtama ya huko kwenu Malindi, na ya Lamu pia, walikolimishwa bila ujira. Ahmed Simba, Mnabahani, yaani wa ukoo wa masultani wa Pate, aliyeukimbia mkono wa Zanzibar, aliwapokea. Unamwita mwizi mtu aliyejiiba mwenyewe?

Kisauni wa Malindi: Usinitishe na Unabahani. Waulize Wapokomo wa Mto Tana ni nani aliyekuwa akiwavamia na kuchukua watoto wao. Witu yenyewe ilikuwa na watumwa. Aliyekimbia minyororo akamfunga jirani, huyo nimwite nani?

Langoni: Hilo la Wapokomo ni kweli na silifichi. Lakini wewe hukulitaja kwa kuwahurumia Wapokomo, umelitaja ili neno lako lisimame.

Mkomani: Jamani, niliuliza pia Mpeketoni. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alisema Juni 17 kwamba si Al-Shabaab, ni siasa za hapa hapa na chuki ya kikabila. Al-Shabaab walikuwa wameshadai ni wao, wakataja majeshi ya Kenya yaliyoingia Somalia mwaka 2011 na ardhi ya Waislamu.

Shela75: Tamko la muuaji linakuonyesha anachotaka uamini. La mkubwa wa serikali nalo lina haja yake: ukisema ni wa ndani, huulizwi mpaka wa nchi ulilindwaje. Tazama kilichofanyika. Wanaume walitengwa, wakaulizwa dini, wakauawa zaidi ya 60 kwa siku mbili. Kituo cha polisi na hoteli zikachomwa. Mwenye shida ya shamba hamuulizi mtu shahada. Lakini aliyeandika tamko alijua kuwa tangu walowezi waletwe na serikali miaka ya sabini kuna kidonda cha ardhi hapa, akakitonesha makusudi ili sisi tugombane. Kidonda ni cha kweli. Waliouawa usiku ule hawakuwa wamekifanya.

Amu Yetu: Na adhabu ikatuangukia sote. Julai ile ile marufuku ya kutoka usiku, wavuvi wa jarife, wavu wa kutega, wakazuiwa bahari, na jarife hutegwa usiku, mchana samaki auona uzi. Nani alipima nia ya mvuvi?

Kisauni wa Malindi: Hayo ya Amu semeni wenyewe. Mimi nangojea jibu la Wapokomo.

Langoni: Na mimi nangojea ulitoe neno "watoro".