Duka lisilo na keshia limenikata pesa za asali ambayo sikutoka nayo, na hakuna wa kumuuliza

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Ninaishi Uingereza, na ninaandika nikiwa na hasira.

Jumamosi iliyopita niliingia na binti yangu wa miaka 5 katika duka la vyakula la aina hii mpya, ambalo mteja huonyesha simu kwenye geti la kuingilia, huchukua anachotaka na kuondoka bila kupita kwa mtu yeyote. Nilichukua mkate, mayai na maziwa. Binti yangu alinyanyua chupa ya asali, akaigeuzageuza, na nilipomwambia airudishe akaiweka kwenye rafu ya biskuti iliyokuwa usawa wa kimo chake. Jioni, tukiwa tumekwisha kula, risiti ikaingia kwenye simu: mkate, mayai, maziwa na asali chupa 2. Hata hiyo moja tuliiacha dukani!

Ninaelewa kosa lilivyoweza kutokea. Kamera za darini hufuatilia nani amenyoosha mkono wapi, na mizani iliyofichwa chini ya rafu husema kitu gani kimepungua. Chupa ikiondoka mahali pake isirudi palepale, mzani hauwezi kujua kwamba imelala hatua tatu pembeni. Kulikuwa pia na mama mmoja ubavuni mwetu, na sitashangaa kama chupa ya pili ni yake. Mashine kukosea si ajabu, hata keshia hukosea, lakini keshia hukosea mbele yangu, nikiwa bado na pochi mkononi.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa kulipa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na hadi leo mama muuza nyanya hukutajia bei, nawe unaona jina la mpokeaji na kiasi kabla ya kuweka namba ya siri. Hicho kitendo cha kuweka namba ya siri ndiyo idhini yangu, na ndicho walichokiondoa hawa kwa kisingizio cha kuniondolea usumbufu. Hata Google, walipojaribu malipo ya bila kushika simu kule California mwaka 2016, walimwacha mteja amtamkie keshia kwamba analipa kwa Google, naye keshia akamhakiki kwa picha na herufi za mwanzo za jina. Jaribio hilo lilifungwa mwaka uliofuata, lakini angalau mtu alikuwa anaulizwa.

Nilirudi dukani siku ya pili. Kijana aliyekuwa akipanga bidhaa aliniambia kwa upole kwamba yeye haoni miamala, nitumie programu. Nikatumia programu. Jibu likaja Jumanne: muamala wangu umepitiwa na umeonekana kuwa sahihi. Umepitiwa na nani, kwa kutazama nini, hawakusema. Mimi ndiye ninayetakiwa kuthibitisha kwamba sikuchukua kitu, wakati picha zote za dakika zile 10 wanazo wao.

Na kabla hata ya jibu hilo, Jumatatu asubuhi, programu hiyohiyo ilikuwa imeshanitumia tangazo la punguzo la bei ya asali. Nilipokagua mipangilio ya simu nikakuta niliiruhusu kutumia Bluetooth na mahali nilipo wakati wote, ruhusa niliyoitoa siku ya kwanza nikiwa nimesimama getini na foleni ya watu nyuma yangu. Nimeifuta.

Sasa nimewaandikia rasmi nikidai nakala ya picha zangu za siku ile, haki ninayopewa na sheria ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa binafsi, nao kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kunijibu. Kama kuna mwanajamvi aliyewahi kudai picha za namna hii akapewa, naomba anieleze aliandika nini hasa, na kama alionyeshwa video yenyewe au alitumiwa barua tu.