Punda wangu anajigonga miguu ya nyuma mpaka anatoka damu, naombeni ushauri (Tabora)

Mleta uzi:
Wakuu, habari za jioni. Nina punda dume wa miaka 4, anavuta mkokoteni wa maji hapa Ipuli. Wiki ya pili sasa ana kidonda upande wa ndani wa kifundo, mguu wa nyuma wa kushoto. Nikipaka dawa kinakauka, akirudi kazini kinachubuka tena. Nilidhani ni mwiba. Jana nikamfuata nyuma, nikasikia "tak, tak": kwato ya kulia inagonga kifundo cha kushoto. Huyu ndiye anayetulisha, inaniuma sana.

Mchangiaji 1:
Pole ndugu. Mpumzishe kwanza. Punda akichoka anaburuza miguu na inakaribiana. Anabeba madumu mangapi?

Mleta uzi:
Kumi ya lita 20, safari sita kwa siku.

Mchangiaji 2:
Hizo ni kilo 200 kabla hujahesabu mkokoteni. Punguza.
Nimewahi kuhudumia kwato za farasi Arusha. Paka chokaa ukingo wa ndani wa kwato inayogonga, mtembeze bila mzigo mahali tambarare. Pale chokaa itakapofutika kwenye kwato ndipo panapogonga. Kisha mwangalie kwa nyuma akiwa amesimama: kwato imerefuka? Upande mmoja uko juu kuliko mwingine? Zisawazishwe kwa tupa, kidogo kidogo, na ule ukingo wa ndani uviringishwe. Farasi anayevaa chuma, fundi huchonga ukingo wa ndani wa chuma chenyewe ili usitokeze nje ya kwato. Wako anatembea peku, tupa inatosha. Ila usiilazimishe kwato ilale kama ya farasi, ya punda imesimama zaidi kwa asili. Na kama mguu umepinda tangu kuzaliwa, kwa umri huo hutaunyoosha kwa kukata kwato. Rudia kila wiki 6 hadi 8.

Mchangiaji 3:
Mfunge mpira wa baiskeli kwenye kifundo, mimi ulinisaidia.

Mchangiaji 2:
Hapana mkuu, mpira unabana damu, na mchanga ukiingia unasaga kidonda. Akishapona, kinga ya ngozi laini yenye sponji ndani, na avuliwe kila jioni. Kwa sasa osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na umwite afisa mifugo kwa ajili ya pepopunda. Punda na farasi huipata upesi kupitia vidonda.

Mleta uzi:
Nimepaka chokaa. Kwato ya kulia, ukingo wa ndani, kuna ncha imechomoza. Ukucha wangu unaingia chini yake. Afisa mifugo anakuja kesho asubuhi. Mkokoteni nimeuegemeza ukutani.