Naombeni ushauri: Askofu Adhemar wa Le Puy nimwandikeje?

Mwana_Historia: Wakuu, habari za leo. Naandaa mada ya dakika 20 kuhusu Askofu Adhemar na Vita vya Kwanza vya Msalaba, safari ya Wakristo wa Ulaya Magharibi kwenda kuiteka Yerusalemu. Vitabu vinanichanganya. Kimoja kinamwita jemadari mkuu, kingine kinamtaja Yerusalemu mwaka 1099. Nishike lipi?

Kasri la Mawe: Anzia Clermont, Ufaransa, 27 Novemba 1095. Papa Urbano II alipomaliza kuhubiri, Adhemar anatajwa kuwa wa kwanza kuupokea msalaba, yaani kuapa kwenda vitani, na Papa akamfanya mjumbe wake. Mamlaka yake yalitoka hapo. Wakuu wa majeshi, Raymond wa Toulouse, Bohemond na Godfrey, kila mmoja aliamuru watu wake mwenyewe, kwa hiyo "jemadari mkuu" futa. Lakini usimfungie hemani akisali tu: kwenye pigano la Dorylaeum (Uturuki ya leo), 1 Julai 1097, alizungusha kikosi vilimani akawatokea Waturuki kwa nyuma.

Bi Nyaraka: Dakika 10 zote zipe Antiokia. Mzingiro ulianza Oktoba 1097, njaa ikaingia kambini, na tetemeko la mwisho wa Desemba likazidisha hofu. Adhemar akaamuru watu wafunge siku 3. Usiache mahusiano yake na Wagiriki, Wakristo wa Kanisa la Mashariki. Alishirikiana na Simeoni, Patriaki wa Yerusalemu aliyekuwa Kupro, na mji ulipotekwa Juni 1098 alimrudisha Patriaki Yohana kitini. Kwangu hilo ni zito kuliko upanga wake, maana kufikia 1100 kiti kile kilishapewa Mlatini, mtu wa Kanisa la Magharibi.

Kasri la Mawe: Kuhusu 1099: alifariki Antiokia kwa maradhi, 1 Agosti 1098. Aliye Yerusalemu ni Adhemar wa maono. Kasisi Petro Desiderius alisema askofu amemtokea na kuagiza wafunge, kisha wazunguke kuta miguu peku. Wakafanya hivyo 8 Julai. Mkuki Mtakatifu, uliodaiwa kumchoma Yesu ubavuni na kufukuliwa Antiokia, nao una mtego huohuo. Adhemar akiwa hai aliutilia shaka. Alipokufa, Petro Bartholomew, aliyedai kuonyeshwa ulipofukiwa, akasema askofu amemtokea na kukiri kwamba aliadhibiwa motoni kwa shaka ile. Msimulizi wetu hapo ni Raymond wa Aguilers, aliyeuamini mkuki huo na kuubeba vitani. Piga mstari kwenye tarehe ya kifo: juu matendo, chini maono, kila ono na jina la aliyelidai.

Mwana_Historia: Asanteni sana. Na Salve Regina, ule wimbo wa Bikira Maria, niseme aliitunga yeye?

Bi Nyaraka: Sema "wapo wanaomhusisha nayo", uishie hapo. Mtawa Hermann wa Reichenau naye hutajwa.