Yule mzee wa "vuta geini" leo kanivuruga, naombeni mnishike

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukwa mjue sababu. Mnamjua. Simtaji. Yule yule wa kofia, ambaye kila sentensi yake inaanza na "mimi nilipokuwa saiti".

Leo nimepanda juu ya zege saa moja asubuhi kusubiri setilaiti ya hali ya hewa ya Meteor ninase picha zake, si mnajua tangu zile za Mmarekani, NOAA 15 na 19, zizimwe Agosti 2025 tumebaki na hizi za Mrusi, inapita dakika kumi na kidogo halafu kwaheri. Antena nimekata mwenyewe, fimbo mbili za sentimita 53, nimezitanua kama miguu ya ndama anayejifunza kusimama. Kile kidude cha USB cha kupokelea redio kwa laptopu, chenye chipu ya RTL2832U, nimekihangaikia wiki tatu mpaka kikanikubali: geini, yaani kiasi cha kukuza signo, 29.7, filta ya tyuna ya kuchuja masafa nisiyoyataka nimeibana, maana mnara wa FM uko pale pale, naweza kuurushia kandambili ukalia ngwe. Signo inapanda, vidoti kwenye skrini vimekaa mafungu manne safi kabisa, dalili kwamba data inasomeka, picha ya mawingu imeanza kushuka mstari kwa mstari, nimeshaona na ufukwe wa Msumbiji.

Akapeleka mkono. Kwenye laptopu YANGU. Bila hodi. Akavuta geini mpaka 49.6, mwisho wa reli, bandiwidhi, yaani ile filta niliyoibana, akaifungua yote kama dirisha la jikoni, halafu akasema, "vuta geini dogo, geini haijawahi kuua mtu".

Haijawahi kuua mtu!!

Chati ya masafa yote ikawa nyekundu kama nyanya za kuoza, matuta ya FM yakaota sehemu ambazo hakuna FM tangu dunia iumbwe, nadhani mle ndani zilikuwemo hadi salamu za wasikilizaji wa Mbagala. Mawingu yakafa. Msumbiji ikafa. Ile ADC, inayogeuza mawimbi kuwa namba, ni ya biti 8 jamani, ngazi 256 tu, ukiijaza mpaka mawimbi yakakatwa vichwa hakuna programu ya kuyarudishia. Na yeye anakunywa chai YANGU, aliyoleta shemeji, anamwambia shemeji "tatizo antena yake mbovu". Mbele ya shemeji! Ule mkono. Nikifumba macho nauona ule mkono unaenda kwenye ile slaida, polepole, kama konda anadai nauli.

Geini haijawahi kuua mtu. Leo ingeua mmoja.

——
Kobe_Mwendokasi: Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu mtu ananyoosha mkono polepole kama konda na wewe unamwangalia tu? Chai hii.

Mleta uzi: Nilikuwa nimeshika antena kwa mikono miwili we Kobe!!

Dada_wa_Volti: 😂😂 kwa hiyo wiki tatu unapiga picha mawingu. Kichwa si unakiinua tu unayaona?

FundiRedio_Mwz: Simtetei jamaa, ila na wewe umejichanganya. Unajisifu umebana filta, ile filta iko nyuma, baada ya LNA, yaani kile kikuza signo cha kwanza mlangoni, na mikisa inayobadili masafa. Kama mnara wa FM uko mita chache, LNA inalewa kabla signo haijafika kwenye hiyo filta, ubane usibane, mlevi ameshaingia ndani. Hiyo 29.7 ilikuponya tu kwa bahati. Funga notchi ya FM, filta ya kuchinja MHz 88 mpaka 108, kwenye waya wa antena, kabla ya kidude, ndiyo uje kulia hapa.

Mleta uzi: Sikuomba somo. Nimesema AMEPELEKA MKONO.

Kobe_Mwendokasi: Povu hilo, kuna mtu ana nguo chafu aje afue?

NakuruNight: Afadhali wewe umeona hata nusu ya Msumbiji. Mimi niliuziwa hicho kidude naambiwa boss hii inashika TV zote, nikalipa, nikafika kwa nyumba nikakaa na watoto tungoje mpira. Kumbe chipu ni ya DVB-T, ule mfumo wa zamani wa TV ya dijitali, na Kenya hii yetu ni DVB-T2, haitashika hata uombe aje. Watoto waliniangalia hadi nikaenda kulala saa moja jioni.

Dada_wa_Volti: Nakuru pole baba. Sasa hivi unakitumia kwa nini?

NakuruNight: Kinashikilia mlango wa bafu.

Mzee_wa_Futi6: Nyie vijana mnahangaika na fimbo za sentimita. Mimi nina dishi la futi 6, jirani kuku wake wanalala juu yake, kila jogoo akipanda chaneli zinaganda. Nimeongea mpaka kwa mjumbe. Mjumbe naye anasema ni kuku tu hao.

FundiRedio_Mwz: Jogoo hajawahi kuua mtu.

Kobe_Mwendokasi: 😂😂😂 uzi ufungwe

Mleta uzi: Nyie watu hamna utu. Mtu kapeleka mkono kwenye laptopu yangu na mnaongelea kuku?

Dada_wa_Volti: Mzee wa Futi 6, zungushia chandarua, mama yangu alifanya hivyo Tanga, jogoo mwenyewe akahama.

Mzee_wa_Futi6: Chandarua si kitashika maji mvua ikinyesha signo ikakata?

FundiRedio_Mwz: Chukua cha matundu makubwa, kile cha bustani.

Mleta uzi: Kwa hiyo hakuna hata mmoja wa kuniambia pole?

NakuruNight: Pole bro. Mzee, hiyo dish ya futi 6 ukichoka na jogoo utauza pesa ngapi?