Farasi ana vigaga juu ya kwato na mvua haziishi, naomba ushauri

Mfugaji_Mpya
Wakuu, salaam. Farasi wangu jike ametoka vigaga kwenye miguu ya nyuma, upande wa kisigino, chini ya kifundo. Ngozi ya chini yake ni nyekundu na inatoa majimaji; nikigusa tu anauvuta mguu. Iliyoathirika ni ile miwili myeupe, myeusi haina kitu. Kuna aliyeniambia nivibandue vyote leo leo kisha nipake mafuta mazito. Roho inasita, naona atateseka. Wenye uzoefu naombeni msaada.

Kwato_Nne
Pole mkuu, na yeye pia apone. Usivibandue vikiwa vikavu, utaichana ngozi. Kwanza punguza nywele za hapo ili hewa ipite. Osha kwa maji ya vuguvugu na klorheksidini (dawa ya kuoshea inayoua vijidudu) ya asilimia 2 hadi 4, povu likae kama dakika 10 vigaga vilainike. Vinavyoachia toa, vilivyogoma viache hadi siku nyingine. Suuza, kisha kausha kabisa kwa taulo safi. Kwenye kukausha ndipo wengi wanaporipua kazi! Mafuta mazito kwenye ngozi mbichi yanafungia unyevu ndani, na unyevu ndio adui yako.

Tabibu_wa_Mifugo
Nakazia hapo. Mara nyingi chanzo ni bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis, anayeshamiri ngozi ikilowa muda mrefu na kuchubuka. Ila si yeye pekee. Farasi mwenye manyoya marefu miguuni, anayepigapiga miguu chini na kujikuna, achunguzwe utitiri. Na hilo la miguu myeupe tu usilipuuze: ngozi isiyo na rangi huweza kuungua na jua kwa sababu ya mimea aliyokula, au ini lenye matatizo. Mweleze daktari wako, anaweza kuhitaji kupima damu. Kwa sasa mkinge na jua.

Mfugaji_Mpya
Asanteni sana. Akipona, matope niwe nayaosha kila jioni?

Kwato_Nne
Hapana, kuosha kila siku kunailainisha ngozi ikachubuka upya. Yaache yakauke, uyatoe kwa brashi laini. Brashi hiyo isiguse farasi mwingine. Banda liwe na matandiko makavu, na pale getini na penye maji wanapojazana, mwaga kokoto. Wakati wa kumtibu vaa glavu, maana bakteria huyo humwambukiza hata binadamu.

Tabibu_wa_Mifugo
Niongeze moja. Mguu ukivimba kupanda juu, ukawa wa moto, akachechemea, au joto la mwili likapita nyuzi 38.5, mwite daktari siku hiyo hiyo. Hapo maambukizi yameshazama, kuosha hakutoshi, huenda akahitaji antibiotiki za kumeza au sindano. Hata bila dalili hizo, wiki mbili zikipita bila nafuu, vigaga vipelekwe maabara kabla hujabadilisha dawa.